Jumatatu Mashine Huzimwa

Kila Jumatatu asubuhi Mama Puleng alifunika kioo cha kabati kwa shuka, akageuza viti vikatazama ukuta, akatandika godoro sakafuni na kuketi juu yake kama mjane yeyote wa mtaa wetu wa Thabong. Mumewe, Tshokolo Ramaqele, alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia, amenyooka, amekufa. Jumanne makumbusho yalipofunguliwa aliamka na kudai uji wake mchachu wa mtama. Mkewe alikunja godoro.

Mara ya kwanza ilileta usumbufu. Chama cha kuzikana kilikuja na masufuria yake makubwa, mchungaji akaja, ng'ombe akatafutwa, na Jumanne marehemu akatoka nyuma ya pazia akiuliza kwa nini uani kumejaa watu. Wanawake wa chama walinuna, maana kabichi ilikuwa imeshakatwa. Wakakubaliana kwamba kwa mzee huyu hawataweka tena sufuria motoni kabla ya Jumatano.

"Mama Puleng!" jirani yake Dieketseng aliita Jumatatu moja juu ya uzio. "Yupo mzee? Bomba langu linavuja."

"Leo Jumatatu, mwenzangu. Amekufa."

"Ah, nimesahau kabisa! Basi kesho akiamka mwambie aje na spana."

Mambo yalianza na kizibao. Nje ya mji wetu wa Welkom kuna shimo la zamani la dhahabu, na wenyewe walipochoka nalo liligeuzwa makumbusho. Lakini wageni wa siku hizi hawataki picha za ukutani. Mtu akishalipa kiingilio anataka jambo limwingie mwilini. Kwa hiyo walikuja vijana kutoka Johannesburg na miwani mikubwa ya kufunika uso, glavu, na kizibao kilichojaa nyaya. Ukivaa vitu hivyo huendi popote, umesimama tu juu ya zulia, lakini unahisi lifti ikikudondosha chini ya ardhi, joto la mwamba likikubana, mashine ya kutobolea mawe ikikutikisa viwiko, na pumzi ya mchimbaji ikipanda na kushuka kwenye mbavu zako. Hiyo pumzi ilibidi itoke kwa mtu.

Wakamchagua Tshokolo. Alikuwa ametoboa mwamba ujana wake wote na utu uzima wake, na kifua chake kilifanana na kazi hiyo. Alipokohoa, kuku wa Dieketseng waliacha kudonoa.

"Kohoa tena, Ntate," yaani baba, alisema binti aliyesimamia kompyuta, jina lake Keneilwe. "Hicho ni kizuri sana. Kina mchanga ndani."

Tshokolo alifurahi. Hakuna aliyewahi kumsifia kikohozi. Alikohoa hadi jioni, wakamvua kizibao, wakamshukuru, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Alipotaka kuipuliza chai ipoe ndipo alipogundua.

"Pumzi sina," alimwambia mkewe.

"Umeiacha wapi?"

"Kwenye kile kizibao, nadhani."

"Wewe na kusahau vitu! Kesho ukaichukue."

Kesho yake alikwenda, akaambiwa imeshaingia kwenye kompyuta na yeye mwenyewe alitia sahihi. Akarudi mikono mitupu. Tangu hapo aliishi kwa pumzi ya makumbusho. Wanafunzi wakivaa kizibao na kurukaruka, alihema akiwa ameketi mezani. Siku za sikukuu, wageni walipojaa, alipanda juu ya paa na kupigilia mabati. Jumatatu mashine huzimwa, naye huzimika nayo. Nyumbani hakukohoa tena hata mara moja. Mama Puleng alilala usingizi wa kushiba, wa kwanza baada ya miaka, akaona haya kwa kuufurahia.

Sasa shida yenyewe ni hii. Zamani, kifua kilipoanza, mtu wa zahanati ya mgodi alisema kikohozi cha Tshokolo kimetokana na sigara. Sigara! Tshokolo alikuwa shemasi. Hata jirani akichoma takataka alihamisha kiti. Lakini neno likishasemwa na mwenye koti jeupe hufuata mtu kama inzi. Wenzake wote aliotoboa nao mwamba walizikwa chini ya neno hilohilo. Na binti yake wa pekee, Puleng, mwalimu kule Bloemfontein, siku moja alimwambia mbele ya wakwe zake: "Baba, si ukubali tu kwamba ulikuwa unavuta kwa siri? Hakuna atakayekugombeza." Tshokolo aliweka kijiko chini na hakula tena siku hiyo. Mambo ya fidia aliacha kuyaota zamani. Alichotaka ni daktari mmoja, mwenye akili zake timamu, aseme mbele ya watu kwamba ni mgodi, si sigara. Mama Puleng naye aliapa kwamba mumewe hataingia kaburini bila neno hilo.

Madaktari wa mapafu huja mjini kwetu mara chache, hukaa kwenye ukumbi wa manispaa, na wachimbaji wazee hupanga foleni wakiwa wamejifunga mablanketi. Tshokolo alikwenda siku ya Jumatano akiwa hai kabisa. Daktari, mtu mpole mwenye tai ya kijani, alimwekea kifaa chake kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena.

"Kifua chako kimetulia sana, Ntate," alisema.

Wakampiga eksirei. Ilitoka safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Daktari aliiinua kwenye mwanga akatikisa kichwa.

"Sijawahi kuona mapafu haya kwa mchimbaji. Hongera."

"Daktari," alisema Mama Puleng akisimama, "pumzi yake haimo humo. Iko makumbusho. Vuka barabara ile kubwa tu, ukaisikilize."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Mimi napima kifua kilicholetwa." Akaandika kwamba mapafu ni mazima, akamwita anayefuata.

"Hongera!" Mama Puleng alifoka njiani. "Hongera ya nini? Ya kumficha mwizi?" Siku ile makumbusho yalitembelewa na wazee wa kanisa fulani, kwa hiyo Tshokolo alikwenda polepole sana, akisimama kila kona.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Puleng alikwenda makumbusho mwenyewe. Pale mlangoni pa kutokea palikuwa na beseni, kwa sababu waliovua kizibao walitoka wakikohoa na kutema mate ya kijivu. Mfagiaji alilimwaga beseni kila likijaa, na chini lilibaki tope la unga wa mawe. Wageni walisema ni jambo la kweli kabisa, wakapigwa picha wakilitemea.

Zamu yake ilipofika akavaa. Pumzi ikamwingia mbavuni. Ilikuwa ileile aliyolala ubavuni mwake tangu akiwa mwali, na kigugumizi chake kilekile kabla ya kukohoa. Alilia ndani ya miwani. Mhudumu akamwambia wengine wanasubiri.

Aliyesubiri nyuma yake alikuwa daktari, tai ya kijani ameiacha nyumbani, amewashika watoto wake wawili mikono. Alivaa. Akakohoa mpaka akapiga magoti. Watoto nao wakavaa, wakakohoa. Daktari akainama juu ya beseni, akayatazama mate yake mwenyewe kama wanavyotazama madaktari.

"Huyu mtu anaumwa," alisema. "Hili ni vumbi la mawe, na limeshafika mbali. Hapa hamna sigara."

"Sema tena," alisema Mama Puleng.

"Hamna sigara hapa, mama. Ni mgodi."

"Basi liandike."

Daktari akamtazama, akamkumbuka, na uso wake ukalegea kwa huruma. "Leo Jumapili," alisema. "Tena kizibao hakina kitambulisho." Akawafuta watoto wake vinywa, akawapeleka kununua aiskrimu.

Mama Puleng alilibeba neno lile hadi nyumbani bila kuzungumza na mtu njiani.

"Amesema," alimwambia mumewe. "Kasema ni mgodi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watoto wake na mfagiaji."

"Ameandika?"

"Hapana."

"Basi bado," alisema Tshokolo, akarudia kumenya kiazi chake. Lakini mkewe aliona anamenya upesi kuliko siku ya sikukuu, na makumbusho wakati huo hayakuwa na mgeni hata mmoja.

Kilichofuata ni kazi ya daktari yuleyule. Watoto wake walikohoa juma zima, naye, kama baba mwema, akawalalamikia wenye makumbusho kwamba kikohozi kile si salama kwa vifua vya watoto. Wakamsikiliza mara moja. Wakamwita Keneilwe akisafishe. Alikaa kwenye kompyuta yake akikata kikohozi kimoja baada ya kingine, na alipomaliza kukata akakuta pumzi iliyobaki haitoshi hata kuzima mshumaa. Akajazia pumzi ya kijana mmoja wa Pretoria anayefundisha watu mazoezi ya viungo. Hakuwa na ubaya, yule binti. Alifanya alivyoagizwa.

Ilikuwa Alhamisi. Tshokolo alikuwa kwa Dieketseng, spana mkononi, bomba nusu limefunguliwa. Akasimama hapo hapo. Dieketseng alidhani anafikiria.

Jumanne ilikuja ikapita. Jumatano chama kikaweka sufuria motoni.

Tulimzika Jumamosi. Kwenye cheti waliandika uzee, mapafu mazima. Puleng alilia sana, mtoto wa watu, na makaburini akashika kipaza sauti akawashukuru waombolezaji, akasema baba yake aliacha sigara mapema, ndiyo maana Mungu alimtunzia mapafu yake hadi mwisho. Watu wakasema amina. Mama Puleng alikuwa ameketi kwenye kiti cha wafiwa, blanketi hadi kidevuni. Alitaka kusimama. Wanawake wa chama wakamkalisha.

Makumbusho waliondoa beseni. Wageni wakaongezeka, maana sasa mtu anashuka shimoni na kupanda akiwa mchangamfu, kifua kimemfunguka.

Kikohozi kilifika alasiri moja, Mama Puleng akichambua maharage kizingitini. Alikisikia kwanza kwenye kona ya barabara, kisha kwenye lango. Kilikuwa kimetupwa huko makumbusho na takataka nyingine za kompyuta, kikaja chenyewe, kidogokidogo, kikipumzika njiani. Alikitambua kabla hakijafika mlangoni.

"Ingia," alisema. "Umekonda."

Kikapita, kikaketi kwenye kiti cha karibu na jiko. Kiti kililia kama kilivyozoea kulia.

Madaktari waliporudi mjini, alikibeba ndani ya blanketi la mumewe, akapanga foleni na wazee, akakiweka mezani. Daktari wa tai ya kijani akainamisha sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ndicho kile cha makumbusho," alisema.

"Ndicho."

"Ni ugonjwa wa vumbi la mawe. Sina shaka hata kidogo. Mgonjwa yuko wapi?"

"Kaburini."

Daktari akatafuta faili, akalifungua, akasoma. "Limeandikwa mapafu mazima," alisema. "Huu ni mwandiko wangu." Aliliangalia tena, labda akitumaini limebadilika. Kisha akafungua droo akatoa peremende ya kifua, akaiweka juu ya blanketi, taratibu, kwa heshima.

"Pole, mama," alisema. "Anayefuata."

Tangu hapo kikohozi kinaishi nyumbani kwake. Hakisumbui mtu, ila kuku wamekonda.

"Mama Puleng!" Dieketseng aliita juzi juu ya uzio, akikamua nguo. "Nani huyo anakohoa humo ndani?"

"Baba Puleng."

"Si tulimzika?"

"Mlimzika yule wa kwenye faili. Huyu ndiye mgonjwa."

Dieketseng alifikiri kidogo, akatundika shuka. "Basi mchemshie tangawizi, maskini," alisema. "Na ukipata nafasi umwambie bomba langu bado linavuja."

Mama Puleng aliingia akabandika maji. Ilikuwa Jumatatu. Kikohozi kilikohoa mchana kutwa.