Kicheko cha Mwanafunzi wa Dirishani

"Baba watoto, vitabu vinazinduliwa leo, si mwakani!" mshonaji alimwita mumewe kutoka mlangoni. Shati jeupe alishalipiga pasi, na viatu vya mzee vilikuwa vinang'aa.

"Mimi na chuo kikuu wapi na wapi?" seremala alijibu huku akipuliza vumbi la mbao. "Huko si wanaongea kwa pua?" Hata hivyo aliweka randa chini, akaenda kuoga.

Mshonaji alitabasamu. Kwa muda mrefu sasa alikuwa akienda darasa la jioni la watu wazima, na mama mmoja wa chuo kikuu, ambaye wote walimwita Dokta, alikuwa akija kukaa nao, kuwauliza maswali na kuandika. Sasa kitabu chake kilikuwa kimetoka. Alikuwa amepiga simu mwenyewe. "Dada, njoo na mzee. Nitasoma sehemu inayokuhusu. Jina lako halimo, kama nilivyokuahidi. Nimekuita Mwanafunzi wa Dirishani, kwa kuwa darasani hukai ila dirishani."

Tangu simu ile, mshonaji alimshukuru Mungu kila alipopiga magoti. Pia, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo. Alitaka mumewe amsikie akisomwa, maana nyumbani kwao mumewe ndiye aliyekuwa mtu wa kusoma. Kanisani walimwita Mzee Msomaji. Kila Jumapili alisimama mbele, Kitabu kikiwa mikononi, akasoma somo kwa sauti nzito, bila haraka na bila kukwama, mpaka watoto wakaacha kuchezea viatu vyao.

Ukumbi wa wachapishaji wa chuo ulikuwa chumba kirefu chenye feni moja iliyojikokota. Juu ya meza vilipangwa vitabu vipya: kimoja cha minyoo ya udongoni, kingine cha historia ya madaraja, na hicho cha Dokta, chenye picha ya ubao na chaki. Mhariri alishika kipaza sauti, kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Bwana wa minyoo alisoma kwanza. Alipoomba maswali, hakuna aliyenyanyua mkono.

"Masikini," alinong'ona muuza mkaa, aliyeketi kushoto kwa mshonaji. Huyu alikuwa jirani yao, tena mwenzake darasani na kanisani. "Angeleta hata mnyoo mmoja tumwone."

"Nyamaza, shoga, utatufukuzisha."

Kisha Dokta akasimama, akavaa miwani, akafungua kitabu chake.

"Mwanafunzi wa Dirishani ana mume anayesoma masomo kanisani kwao," alianza. "Mume huyo hajui herufi hata moja. Jumamosi jioni husikiliza redio, ambako somo la kesho yake husomwa. Akilisikia mara moja tu, limeshamkaa kichwani, na asubuhi hulitoa lote kama lilivyo, Kitabu kikiwa wazi mbele yake."

Mshonaji alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

"Mwanafunzi mwenyewe hakulijua hilo mpaka alipojifunza kusoma. Siku moja alimchungulia mumewe begani. 'Mdomoni ana habari za mavuno,' alinisimulia, 'na macho yapo kwenye ukurasa wa vita!' Akacheka mpaka akajifuta machozi."

Ukumbi wote ulicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu wasiomjua mtu huyo. Dokta aliendelea, akaisifu akili ya namna hiyo, akasema shule zetu hazijui kuipima, lakini mshonaji hakuwa anasikia tena. Muuza mkaa alikuwa amecheka kuliko wote. "Jamani, mzee huyo!" alisema. Halafu kicheko kikamkatika. Aligeuza shingo taratibu, akatazama lile shati jeupe, akainamia mkoba wake na kuanza kutafuta kitu kisichokuwemo.

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka siku aliyoyasema yale. Mvua ilikuwa imewazuia darasani, na Dokta alikuwa akimsikiliza kwa makini namna ambayo hakuna aliyewahi kumsikiliza. Maisha yake yote hakuwa amewahi kujua jambo ambalo mumewe halijui. Utamu wa kulijua ukampanda kichwani. Baadaye Dokta alimuuliza, "Je, mzee anakubali niliandike?" Naye akajibu bila kufikiri, "Mwenyewe amecheka tu, andika." Hakuwa amemwambia mzee chochote. Akaenda zake, akalisahau, akabaki akidhani kitabuni ataonekana yeye tu na herufi zake.

Watu walipopiga makofi, seremala naye alipiga, kwa adabu.

Mezani, Dokta alitia sahihi nakala moja na kumkabidhi mzee kwa mikono miwili. "Baba, asante sana kwa kuturuhusu. Wengine wangekataa. Mama aliponiambia umekubali, nilikuheshimu hata kabla sijakuona."

Seremala alimgeukia mkewe. Mshonaji alitazama sakafu. Neno moja tu la mzee lingetosha kumvua nguo pale mbele ya watu wote wa chuo.

"Hakuna neno, mwanangu," mzee alisema. "Kazi nzuri."

Walipotoka, mzee alitangulia. Mshonaji alimfuata nyuma, akiomba moyoni, lakini kila alipoanza sala maneno yalimkwama, maana hakujua amwambie Mungu nini ambacho bado hajamwambia mumewe. Walipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama. Ilikuwa Jumamosi, na saa ya redio ilikuwa imekaribia.

"Baba watoto, nisamehe. Nimekukosea."

"Kaa kwanza. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Pale aliposoma yule mama."

Mshonaji alifungua kitabu, akautafuta ukurasa, akaanza. Alisoma kwa kujikongoja, kidole chini ya kila neno. Habari za redio alizisoma. Za mavuno na vita alizisoma pia. Kisha akavuka mstari mmoja, akaingia kwenye zile sifa.

"Umeruka," mzee alisema.

"Wapi?"

"Alisema, 'Akacheka mpaka akajifuta machozi.' Ndipo anapokuja kusifu."

Mshonaji alirudisha kidole nyuma. Neno "akacheka" alilijua vizuri, lilikuwa fupi na rahisi, lakini kulitoa mdomoni kulimchukua muda. Alipolisoma, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyechapwa.

Seremala alitikisa kichwa taratibu. "Kutojua kusoma ni kwangu. Nimewadanganya watu wa Mungu, nitajibu mwenyewe. Lakini huko kucheka, mama watoto, ni kwako."

"Ni kwangu."

"Ungeniambia tu. 'Mzee, nimekuona.' Ningekuona adui?"

Mzee aliinuka. Mshonaji alidhani anakwenda kuwasha redio, lakini aliipita pale kwenye rafu, akaenda kufunga karakana yake. Aliporudi alisema, "Kesho utasoma wewe. Nitamwambia mchungaji asubuhi, na sababu nitamwambia."

"Mimi? Mbele ya kanisa zima? Nitaaibika!"

"Ndiyo," alisema mzee. Hakusema kwa hasira.

Jumapili mshonaji alisimama mbele. Watu waligeukiana, kwa sababu Mzee Msomaji alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na waliochelewa. Muuza mkaa alikodolea vidole vyake macho. Mshonaji aliomba kimoyomoyo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alikwama. Akarudia. Katikati lilimjia neno refu lisilokwisha, akalikatakata vipande mithili ya kitambaa kigumu, na kila kipande kiliangukia kwenye ukimya. Jasho lilimtiririka mgongoni. Mumewe angelisema somo lile huku amefumba macho, na yeye peke yake ndiye aliyemkalisha kule mlangoni.

Alipomaliza, watu waliitika, wengine kwa kuchelewa, kwa kuwa hawakujua kama ameshamaliza. Hakuthubutu kurudi kwenye benchi la wanawake. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akasimama karibu na mumewe, asijue kama ana ruhusa ya kuketi.

Seremala alisogea kidogo. Hakumtazama.

"Polepole si kosa," alinong'ona. "Ila inua sauti. Huku nyuma tumesikia nusu."

Mshonaji aliketi pembeni kabisa ya benchi, uso ukimuwaka moto, akaitikia kwa kichwa.