Watu Watano Katika Mstari Mmoja

Jumamosi tatu mfululizo Waziri alikuwa akishughulikia jambo zito la kifamilia katika chumba cha kompyuta cha shule. Uwaziri huo alipewa na wasichana wenzake wa bwenini, kwa kuwa hakuweza hata kuomba chumvi bila kuhutubia.

Dada yake alikuwa ng'ambo mwaka wa tatu sasa, akiuguza wazee wa watu. Tangu aondoke, nyumbani hapakuwa na picha hata moja ya wote watano. Basi Waziri akaamua kuwapanga mwenyewe kwenye ukurasa wa wavuti: Bibi, Baba, Mama, yeye, kisha Dada. Kila mtu na picha yake katika kisanduku chake, na visanduku vyote ndani ya sanduku kubwa lililobandikwa neno d-flex, linaloamuru visanduku visimame bega kwa bega. Akaongeza flex-wrap, kwa sababu mwalimu alisema kuiacha ni utovu wa adabu. Kwenye kompyuta wakasimama kama wako gwarideni.

Matroni akaingia na simu yake. "Dakika kumi. Na hotuba sitaki."

Waziri akaipokea, akampigia Dada. "Dada, umefungua ukurasa niliokutumia?"

"Nimefungua." "Mbona mmeniweka chini peke yangu?"

Waziri hakuwaza kabisa kwamba Dada angetazama kwenye simu. Bwenini simu zimepigwa marufuku, na mtu husahau kwamba duniani zipo. Kumbe flex-wrap ndiyo inayoviruhusu visanduku kushuka mstari nafasi ikiisha. Bibi na Baba juu, Mama na yeye katikati, na Dada huko chini, kando yake peupe.

"Usifunge! Dada, tafadhali, usifunge!" Akafuta, akaandika flex-nowrap: hakuna kushuka. Akahifadhi. "Haya, fungua tena."

Dada akacheka mpaka akapaliwa. "We mtoto! Bibi amekuwa sindano! Na pua ya Baba umeipeleka wapi?"

"Nipe dakika mbili, nitapunguza picha, nitawa..."

"Acha." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Acha hivyo hivyo, mdogo wangu. Tubanane."

Dakika kumi zilishapita. Matroni akageukia dirishani, akajifanya anahesabu vioo. Waziri akaminya ukurasa wake mpaka ukawa mwembamba kama simu, ili aone anachokiona Dada. Nyuso tano nyembamba, na bega la Dada limeligusa lake.