Kibao cha Idara

Mbele ya dirisha la baba yangu, Idara ya Mazingira ilisimamisha kibao: MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. Kabla ya hapo kilikuwa kiwanja kitupu tu, hata mbwa hawakuwa na habari nacho. Kilipokuja kibao, watu wakapata pa kuelekezana. "Peleka pale kwenye kibao," wakaambiana, na mifuko ikaanza kuja kwa toroli, kwa mkono, hata kwa gari la mtu aliyevaa tai. Lundo likakua, likatiwa moto, na moshi ukawa unaingia kwetu bila hodi.

Baba ana kifua. Daktari aliniambia wazi kwamba mapafu yale hayatauvumilia moshi kwa muda mrefu, nimhamishe. Nimhamishie wapi? Mimi ni fundi cherehani, na vyumba tunavyomudu ni hivi viwili, vyote vinatazama kiwanja.

Nikaenda Idara. Afisa, mtu mpole mwenye shati lililonyooka kwa pasi, alinipa kiti, akanipa na pole. Kisha akanieleza kuwa kazi yao ni kukataza, na kukataza walishakataza. Kuzoa ni kazi ya halmashauri. Halmashauri nako, msimamizi wa magari akasema lori lake huzoa kwenye vituo vya taka, na pale si kituo, pana marufuku. Nikamwambia lundo limenipita urefu. Akasema kisheria pale hapana taka, na akipeleka lori atakuwa ameruhusu kilichokatazwa. Kibao kiondoke kwanza. Nikarudi Idara. Kibao hakiondoki, maana kukiondoa ni kuwaruhusu watu watupe.

Nilipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa ananiuliza hali ya mzee kabla sijamsalimu. Yeye tu ndiye aliyewahi kuuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hao wa maofisini madirisha yao yanatazama bustani.

Asubuhi moja baba alikohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Mama," aliniita, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "nifungie dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Hapo nikapandwa na mori. Nikaazima jembe kwa jirani, nikakichimbua kile kibao, nikakilaza kifudifudi kando ya ukuta. Nikampigia simu msimamizi wa magari: kibao hakipo, lete lori. Akasema haya, lori litapita leo.

Sijui nani aliwapasha habari, lakini Idara ilikuja kabla ya lori. Kumbe gari wanalo, na mafuta wanayo. Walishuka watatu, yule afisa mpole akiwa mbele, wakapita juu ya maganda na nepi, leso puani, mpaka penye shimo. Akauliza nani amekingʼoa. Nikamwambia ni mimi.

Alisikitika kweli, nilimwona. "Dada yangu, kile kibao ni mali ya umma," alisema. "Nitalazimika kukuchukulia hatua."

Ndani, baba alikuwa anakohoa kile kikohozi chake kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Tulikisikia sote.

"Na baba yangu je," nikamuuliza, "yeye ni mali ya nani?"

Afisa alilitazama dirisha. Nadhani alikuwa na neno, kwa sababu aliondoa leso mdomoni. Halafu moshi ukamjia, akairudisha leso, akawaambia wenzake washushe saruji.

Wakakisimika upya, safari hii kwa zege. Walikuwa hata hawajafika mbali lori lilipoingia mtaani kwetu. Likapunguza mwendo mbele ya lundo. Dereva akatoa kichwa, akasoma kibao, akakanyaga mafuta akaenda zake.

Baba akaniuliza kama lile alilolisikia ni lori la taka. Nikamwambia ndiyo.

"Alhamdulillahi," akasema, akageukia ukutani apumzike.