Maji Juu ya Soda

Tabia alikuwa amepika sabuni miaka kumi na moja, na kila mwanamke aliyekuja kwake mtaa wa Mabawa kujifunza alianza kwa kuambiwa jambo hili: soda ya moto, ile kostiki inayounguza, ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayatiwi kwenye soda. Ukigeuza, inachemka papo hapo na kuruka.

Asubuhi ile aligeuza mwenyewe. Simu ameibana kwa bega, anazungumza na mtu wa Pangani aliyekuwa akimletea mafuta ya nazi, na soda ameshaipima ndooni. Akachukua jagi la maji akamimina. Wifi yake Nasima alikuwa amechutama upande wa pili, anakata nailoni ya kutandika kwenye boksi la kugandishia. Ndoo ilinguruma. Nasima akashika uso.

Tabia alimkokota hadi bombani, bomba likatoa upepo mtupu. Akamwoshea maji yaliyobaki kwenye pipa, kisha akakimbilia kwa jirani kuomba mengine. Walipofika hospitali, jicho la kushoto la Nasima lilikuwa limeshaingia weupe.

Ame, mume wa Nasima, aliwakuta huko. Alikuwa mdogo wake Tabia, naye ndiye aliyempokea nyumbani kwake alipofiwa na mume. Tangu mwanzo aliwaambia soda ile haitaki mzaha, na Tabia akamwahidi kwamba Nasima hataigusa, kazi yake itakuwa kukata na kufunga tu.

"Nani aliyemimina?" Ame aliuliza.

Tabia alikiona akilini chumba chake, kitanda chake, na ua anaopikia sabuni. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Nilishika simu kidogo tu," alisema. "Kugeuka, nikamkuta ameshamimina."

Nasima alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale, amefungwa bandeji. Alisikia. Hakusema neno.

Nasima aliporudi nyumbani, ugomvi ulianza. Ame hakuwa mtu wa kelele, lakini kila jioni alilirudia lile lile: nilikukataza, ukanidharau. Siku moja alimfuata Tabia uani, uso umemwiva kwa hasira.

"Hata haya hana, dada. Leo ananiambia wewe ndiye uliyemimina. Anakusingizia wewe, uliyembeba mpaka hospitali."

Tabia alikuwa anakoroga mafuta. Aliendelea kukoroga. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema.

"Msamehe," alisema. "Ana maumivu."

Wiki ile Ame alitoa talaka moja. Nasima akapanda boti kwenda Pemba kwa baba yake, na mkoba mmoja.

Alikuwa bado kwenye edda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, na ndani yake Ame angeweza kumrejea kwa neno tu. Tabia alizihesabu siku zile. Kila Ijumaa alijiambia kwamba mdogo wake akitoka msikitini atamkalisha chini amwambie. Ijumaa zikapita. Alipoukusanya moyo akamwambia ukweli, Ame alikuwa anakula. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono taratibu.

"Edda imekwisha Jumanne, dada," alisema.

Ame alivuka kwenda Pemba na mahari mpya, kutaka ndoa upya. Alirudi peke yake siku ya tatu. Nasima hakumlaumu kwa jicho, Ame alisema. Alimuuliza tu: mtu amekaa naye miaka sita, imekuwaje asimwamini hata siku moja.

Tabia alifunga nguo zake. Ame alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Basi kaa. Nani amekufukuza?"

Akabaki. Wanakula mkeka mmoja, na chakula kikiisha kila mtu anainuka na shughuli zake.

Alimpigia Nasima mara moja. Alitaka kumweleza yote tangu mwanzo, lakini Nasima alimkatiza, bila ukali.

"Lile la hospitali ningekusamehe hata kabla hujaniomba. Ulitishika, hata mimi nilitishika. Nilijua ukitulia utasema mwenyewe, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini siku niliyomwambia Ame, nilikuwa dirishani. Nilikusikia ukisema nisamehewe."

Tabia aliibana simu sikioni. Upande wa pili kulikuwa na kuku, na mtu anatwanga.

"Nipe muda, wifi," Nasima alisema. Kisha akajisahihisha. "Nipe muda, dada Tabia."

Huu ni mwezi wa tisa tangu simu ile. Tabia bado anapika sabuni pale uani, peke yake, na simu huiacha ndani. Hajapiga tena, na Nasima naye hajapiga.