Mpira wa Gatluak Haujashuka

"Umesogeza ua, Epuyo. Jana hii miiba ilikuwa nyuma ya jiwe, leo iko mbele ya jiwe. Jiwe limetembea?"

"Mama, mimi nimetoka ofisini sasa hivi. Hata kiatu sijavua."

"Basi ni kiatu kimesogeza ua."

Epuyo alikuwa amekumbatia mtungi wa maji na hakuwa na pa kuuweka. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na dakika chache, na kivuli cha mpira kilikuwa kimebakisha hatua kama nane hivi kiwafikie. Kila siku kilitoka uwanjani, kikavuka barabara, kikapita nyuma ya choo cha Epuyo, na saa kumi na robo kamili kikafika kwenye ua wa miiba uliotenganisha boma lake na hoteli ya Nakeno. Hapo kilitulia mpaka saa kumi na mbili, jua liwe limehama au halijahama. Kilikuwa na ukubwa wa sinia. Maji yakiwekwa ndani yake yalipoa mpaka meno yanauma, na katika mji kama Lodwar, ambapo mtu akigusa bati saa nane anaacha ngozi, kivuli cha namna hiyo hakiachiwi jirani.

"Tulikubaliana," Nakeno alisema. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni zangu. Jumapili ni ya padri. Leo ni siku gani?"

"Nina wageni."

"Wakili wa kamati ya mpira ndiye mgeni? Huyo apewe maji ya moto. Atoe jasho kidogo kabla ya kesi ya kesho."

Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai kwenye benchi la Nakeno walicheka. Epuyo alirudi ndani na mtungi wake, na kivuli kilipofika kilikaa juu ya dumu la Nakeno, kimya, kama kilivyofanya kwa miaka mitatu.

Mpira wenyewe ulikuwa juu ya uwanja, kimo cha miti mitatu ya mkoma iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Ulikuwa wa ngozi, mweupe wenye madoa meusi, na ulizunguka polepole ukielekea upande wa goli la Lodwar bila kufika. Kunguru walikuwa wamejaribu kutua juu yake wakashindwa, kwa vile ulizunguka. Wageni waliposhuka kwenye mabasi waliuliza kwanza hoteli iko wapi, na watu wakawaelekeza: nenda mpaka chini ya mpira, halafu pinda kushoto.

Ulipanda huko juu tarehe kumi na saba Agosti, 1996, siku ya fainali ya Kombe la Tarach. Nakeno hakuwahi kuchoka kuisimulia siku hiyo. Lori lilifika kutoka kambi ya Kakuma saa nane mchana, na kabla halijaonekana lilisikika. Mashabiki mia mbili na kumi na wanne, Wanuer, Wadinka, Wakongo wachache na ngoma zao, wote wamesimama, wote wanaimba, na vumbi limewapaka rangi moja. Kila mmoja alikuwa amelipa makopo mawili ya mahindi ya mgao, maana pesa hawakuwa nazo, na kamati ilikubali mahindi na kuyapima yenyewe. Watu wa Lodwar walilipa shilingi. Walikaa pamoja, kwa sababu kivuli kilikuwa upande mmoja tu wa uwanja. Mama mmoja wa Kiturkana alimwazima mwanamke wa Kidinka kigoda chake, na baadaye wakabaki wakitumiana salamu kwa madereva. Nakeno alipika sufuria tatu za nyama na zikaisha kabla ya timu kuingia.

Refa Aukot alipiga firimbi saa kumi na robo. Lodwar walianza, wakapoteza mpira, na ukamfikia beki wa Kakuma, kijana mrefu kuliko milango yote ya mji, jina lake Gatluak. Gatluak aliupiga kwa mguu wa kulia. Ulipanda. Watu walisimama wakiufuata kwa macho. Ulipokuwa huko juu, Epuyo, katibu wa kamati, alishika kipaza sauti na kutangaza kwamba mgeni wa heshima hatafika, kwamba kombe liko naye, na kwa hiyo mechi imefutwa, asanteni, safari njema. Watu wa kambi walihesabiwa haraka na kupandishwa kwenye lori, maana vibali vyao viliisha saa kumi na mbili. Katika fujo hiyo ilichukua muda kabla mtu kutambua kwamba mpira haujarudi.

Kwenye lori hilo alikuwamo mzee Reath, mshonaji wa akala, vile viatu vya matairi, baba yake Gatluak. Yeye ndiye aliyekusanya tiketi zote za kambi na kuziweka kwenye mkebe wa maziwa, na watu walipoishtaki kamati yeye ndiye aliyewekwa kuwa mlalamikaji wa kwanza. Nakeno alikuwa wa pili. Hati ya madai iliomba moja kati ya mawili: kamati irudishe viingilio, mahindi kwa mahindi na shilingi kwa shilingi, au irudishe mechi.

"Mimi mahindi yangu ilishaliwa, khalas," Reath alimwambia Nakeno siku ya kuweka sahihi. "Lakini ile mtoto yangu, niliona akipiga. Sikuona ikifika. Baba anataka kuona ikifika."

Kesi ilianza vizuri. Hakimu alikuwa mtu makini. Alikwenda mwenyewe uwanjani na karani wake, akasimama chini ya mpira na mwavuli, akatazama juu muda mrefu, kisha akaamuru iandikwe kwamba kielelezo kimeonekana lakini hakifikiki. Refa Aukot alikula kiapo akaeleza kwamba hakupiga firimbi ya kusimamisha mchezo. Kwa desturi yake alikuwa anangoja mpira utue. Alikuwa bado amevaa firimbi shingoni, na aliivaa sokoni, kanisani, na kwenye harusi ya bintiye.

Hapo ndipo wakili wa kamati alipopata njia. Aligeuza tiketi akasoma maandishi ya nyuma: kiingilio hakirudishwi mchezo ukishaanza.

"Mheshimiwa, mchezo ulianza. Firimbi ya kuusimamisha haijapigwa, na mpira uko hewani, ndani ya mistari. Wateja wangu hawakufuta chochote. Mchezo unaendelea."

"Na wachezaji?" hakimu aliuliza.

"Wametoroka, Mheshimiwa. Hilo si kosa la kamati."

"Na tangazo?" Nakeno alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Si huyu jirani yangu alishika ile kitu akasema imefutwa? Mji mzima ulisikia!"

Hakimu alimwambia akae. Swali lilikuwa zuri, alisema, lakini lilipaswa kuulizwa na mlalamikaji wa kwanza, ambaye ndiye mwenye tiketi mia mbili na kumi na nne. Mlalamikaji wa kwanza yuko wapi?

Alikuwa njiani. Siku zote alikuwa njiani. Mtu wa kambi hatoki bila kibali, na kibali kilitolewa kwa kufuata barua ya mahakama. Barua ikisema tarehe nne, kibali kilianza tarehe nne. Reath aliomba aruhusiwe kutoka siku moja kabla, na kijana wa dirisha la vibali alimwonyesha barua kwa upole: "Mzee, tarehe tatu huna kesi. Utakuwa unaenda kufanya nini?" Magari ya Kakuma siku hizo hayakutembea peke yake. Yalikuja kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa ajili ya majambazi wa barabarani, na msafara uliondoka saa tatu asubuhi. Kesi za madai ziliitwa saa tatu asubuhi. Basi Reath alipanda gari saa ileile jina lake lilipokuwa likiitwa mara tatu kwenye korido ya Lodwar, na alifika saa saba, amevaa koti, na mkebe mkononi.

Safari ya pili alimpa dereva mkebe utangulie kwa msafara wa siku iliyotangulia. Hakimu aliandika kwamba karatasi zimefika ila mtu hajafika. Nakeno alimwomba karani kesi isogezwe mchana. Karani alisema mchana ni wa kesi za mifugo.

Wakati huo watu walikuwa wakipungua. Mmoja wa wale wenye ngoma alivuka mpaka kurudi kwao na hakuandika tena. Wengine walipelekwa Australia. Mwanamke wa kigoda alizikwa Kakuma, na kigoda kikarudishwa Lodwar na dereva bila neno. Gatluak mwenyewe aliondoka mwaka wa 1998 kwenda Amerika, mji wenye theluji, akafanya kazi ya kukata kuku. Aliandika barua mara moja kwa miezi mitatu, na kila barua iliishia kwa swali moja: Baba, mpira umeshuka? Reath alimtuma dereva kwa Nakeno, Nakeno akatoka nje akatazama, na jibu likarudi Kakuma, na kutoka Kakuma likaenda Amerika: bado.

Jumanne, tarehe kumi na nne Septemba, 1999, Nakeno aliamka mapema akachinja mbuzi. Alimwachia binti yake Christine sufuria, akavaa kitenge cha Krismasi, akaenda mahakamani. Walikuwa wamebaki mashabiki kumi na mmoja wa Lodwar. Walikaa safu moja, kila mmoja na tiketi yake.

Karani aliita: "Reath!" Aliita mara tatu.

"Yuko barabarani, Mheshimiwa," Nakeno alisema. "Saa hii wanapita ule mlima mdogo. Nipe mpaka saa saba."

"Mama, nimekupa miaka mitatu."

Hakimu alivua miwani, na alionekana mtu aliyelala vibaya. Alisema sheria haimruhusu kuahirisha tena. Kesi ilitupiliwa mbali kwa mlalamikaji wa kwanza kutohudhuria. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mahakama haijasema mechi imefutwa na wala haijasema haijafutwa. Kila upande ubebe gharama zake. Wakili wa kamati alifunga mkoba na kumpa Epuyo mkono. Epuyo aliupokea mkono huo na kuutazama kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka.

Msafara uliingia saa saba na nusu. Reath alishuka, akajipangusa vumbi kwenye koti, akauliza njia ya mahakama ingawa aliijua. Nakeno alikuwa amekuja kumngoja kituoni.

"Maale, mzee," alimsalimu kwa Kinuer alichojifunza kwa wateja.

"Maale. Wameita?"

"Wameita. Wameitupa kesi."

Reath alitikisa kichwa taratibu. Alifuatana naye mpaka hotelini. Alitoa kiti nje, akakigeuza kielekee uwanjani, akakaa na mkebe juu ya magoti. Nakeno alirudi jikoni, wateja wakaingia, wateja wakatoka, na mzee hakusogea. Wale mashabiki kumi na mmoja walikuja mmojammoja, na refa Aukot na firimbi yake, na kila mmoja alimsalimu kwanza, "Ejok," kisha akatazama juu kidogo, kwa adabu, kabla ya kuingia ndani. Nyumba ilijaa. Christine aliazima sahani kwa majirani.

Saa kumi na robo kivuli kilifika. Ilikuwa Jumanne, siku ya Epuyo, na Epuyo alitoka na mtungi wake kama ilivyokuwa haki yake. Alimwona mzee upande wa pili wa miiba. Wakatazamana.

"Mzee," Epuyo alisema, "usione vibaya. Kisheria mechi bado inaendelea."

"Inaendelea?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi niko mahali yangu," Reath alisema. "Mimi nililipa."

Epuyo aliweka mtungi ndani ya kivuli, akausogeza kushoto, akaurudisha kulia. Hakuondoka. Mpira ulizunguka huko juu, na mshono wake mmoja uliolegea, ambao Reath mwenyewe alikuwa ameushona kwa uzi wa akala usiku wa kuamkia mechi, ulionekana na kupotea, ukaonekana tena.

Nakeno alitoka akijifuta mikono. "Mzee, nyama imeiva. Watu wanakungoja."

"Yule amekula?" Reath aliuliza, akielekeza kidevu kwenye ua.

"Yule ni kamati. Kamati ilikula kitambo. Mahindi ya watu mia mbili!"

Ndani watu walicheka sana, na Epuyo alisikia. Reath hakucheka.

"Mimi nilikuwa na maneno ya kusema kortini," alisema. "Maneno ya miaka tatu. Nilisema nayo barabarani, nilisema nayo nikishona. Leo nimekuja nayo kutoka Kakuma. Sitaki kurudi nayo. Na yule ndiye alishika ile ya kutangaza."

Nakeno alimtazama mzee, akatazama mkebe, akatazama ua uliosogezwa mbele ya jiwe. Kisha alikwenda akashika tawi la miiba kwa pindo la kitenge, akalivuta, na pakatokea nafasi ya mtu kupita.

"Epuyo! Wacha huo mtungi, hakuna mtu ataiba maji yako. Mzee ana maneno, na yeye haongei na mtu mwenye njaa. Sahani yako iko karibu na yake. Pita hapa, angalia miiba, ingia ule."