Mwanga wa Aniello

Mume wangu Crescenzo alikuwa mchoraji wa bahari, na bahari yake ilikuwa shwari siku zote. Wageni waliokuja kuutazama mlima wa moto walitaka machweo na maji ya dhahabu wakatundike kwao kwenye nchi za ukungu, naye aliwapa. Sisi wa Torre, mji ulio chini ya mlima huo, tunaijua bahari hiyo ilivyo na roho mbaya.

Baada ya tufani ya Septemba, mashua za wavuvi wa marijani zilirudi zote isipokuwa moja. Ndani yake alikuwamo Aniello, mwana pekee wa jirani yetu Nunziata. Mama huyo alikuja kwetu na ubao kwapani, akamtaka Crescenzo achore mashua katikati ya mawimbi, mwanawe amesimama mzima, na Bikira Maria angani akimnyooshea mkono.

Picha za namna hiyo zimejaa kanisani kwetu, ila hupelekwa kwa shukrani na aliyekwisha kuokoka baharini. Nilimwambia hapo hapo kwamba mbeleko haikatwi na mwana hajazaliwa.

"Wewe saga rangi zako," akanijibu. "Bikira akishapokea zawadi, ataona haya kuninyima."

Crescenzo hakuweza kumkatalia mtu anayelia. Nilisaga rangi huku nimenuna. Kwa mara ya kwanza akachora bahari ya kweli, nyeusi, na mwanga ukishuka kutoka kwa Bikira ukimwangukia kijana usoni. Hakupata kuchora kitu kizuri kama kile, nami nilikichukia. Nunziata akaitundika picha kanisani kwa mkono wake, padri akajifanya haoni.

Wiki ile ile bahari ilimtupa Aniello ufukweni. Tulimtambua kwa mkanda wake.

Mazishi yalipokwisha, Nunziata alirudi na ubao ule ule. Machozi yalikuwa yamemkauka. Nilidhani anataka tuuchome.

"Huyu mfute," akamwambia Crescenzo, kidole chake kikiwa juu ya Bikira. "Mwanangu mwache."

Crescenzo alipiga ishara ya msalaba, kisha akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa mtu wa rozari nyumbani kwetu. Niliogopa sana. Nikachukua jiwe la kusagia, nikasaga rangi nyeusi.

Akamfunika Bikira kwa wingu. Mwanga hakuugusa, Nunziata alimkataza. Picha ingali chumbani kwa mama huyo hadi leo, na mwanga unamwangukia Aniello usoni, wala hautoki popote.