Chokaa ya Jumamosi

Lori lilimwaga kuni mbele ya geti la Saveta Hodiş siku ya Jumatano, likaenda zake, na tangu hapo zile kuni zikalala njiani kama ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Zilikuwa zimeshakatwa kwa msumeno vipande vya urefu wa mkono, lakini hazikuwa zimepasuliwa. Na gogo zima la mti mgumu, ukilitia jikoni, litakufukizia moshi siku nzima bila kukupa joto hata la kukausha soksi.

Mwanawe Doru, aliyekuja likizo kutoka Torino, ng'ambo alikohamia, alilizunguka lile rundo huku amefumbata mikono.

"Nani atapasua hizi, mama?"

"Timu."

"Timu gani?"

"Kwani Cojeni ina timu ngapi?"

Doru alicheka, ila kicheko hakikufika machoni. Tangu ashuke kwenye basi alikuwa na neno moja tu mdomoni: mama ahamie Torino. Kule kuna chumba, kuna wajukuu, na joto linatoka ukutani ukibonyeza kitufe. Saveta alikuwa amekwenda mara moja kukiona hicho kitufe. Alikaa kule majira ya baridi, akiangalia ua lililojaa magari, na siku aliyorudi alibusu mlango wake mwenyewe wa mbao, majirani wakimwona.

"Naweza kuzipasua mimi leo hii," Doru alisema. "Lakini mwakani? Nikija kukukuta umeanguka hapa na shoka mkononi?"

"Sijawahi kuanguka."

"Basi tukubaliane. Naondoka Jumapili asubuhi. Kuni zikiwa ndani ya geti, mimi sijashika shoka na wewe hujaenda kuombaomba nyumba kwa nyumba, Torino sitaitaja tena. Zikiwa nje, unafunga mizigo tunaondoka wote."

Saveta akampa mkono. Hakuona hatari yoyote. Jumamosi Tăbăcarul, timu ya mji, walikuwa wanacheza nyumbani na Sfecla, na msimu huo Tăbăcarul walikuwa wamefungwa na kila timu iliyopata nauli ya kufika Cojeni.

Mtu wa mbali angeuliza: kufungwa mpira na kupasua kuni vinahusiana nini? Mtu wa Cojeni hawezi kuuliza, kwa sababu amelelewa na chokaa.

Tăbăcarul ni Mtengeneza Ngozi. Timu ilizaliwa na kiwanda cha ngozi baada ya vita, wachezaji wakiwa wafanyakazi, viatu vyao vikishonwa karakana ya kiwanda, vizito kama tofali na vigumu kuchanika kuliko mguu wenyewe. Mkurugenzi wa kwanza, mzee Pantazi, alikuwa mtu wa kucheka kidogo. Siku timu ilipofungwa nyumbani na mafundi wa reli, alipanda juu ya kiti akatangaza: atakayefungwa kwenye uwanja huu, Jumatatu ataingia kwenye chokaa. Maana yake mabirika ya chokaa, ambamo ngozi mbichi zililowekwa mpaka manyoya yalegee, kisha zikakwanguliwa kwa kisu kirefu. Ilikuwa kazi iliyochukiwa kuliko zote. Mtu alitoka pale ananuka hivi kwamba mbwa wake mwenyewe alimbwekea.

Wachezaji wakajifunza kushinda. Harufu nayo ilisaidia. Wageni walishuka kwenye basi, wakavuta pumzi moja, wakageuka rangi ya kabeji. Kuna mwaka timu ilipanda mpaka ligi daraja la pili, na kipa wake alikuwa Iustin Hodiş, marehemu mume wa Saveta, aliyekuwa akitema mate kwenye glovu kabla ya kila kona. Msimu mmoja tu, kisha wakashuka. Msimu huo ulitosha kuzungumzwa miaka yote iliyofuata.

Halafu kiwanda kikafungwa. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, ikabaki dohani ndefu ambayo korongo walijenga kiota juu yake. Harufu iliondoka, na ushindi nao ukaondoka. Lakini chokaa haikuondoka. Kocha wa wakati ule alisema timu isiyoogopa kufungwa si timu, akaibadilisha adhabu: wanaofungwa wataenda, mara tu baada ya mechi, kupasua kuni za wajane wa kiwanda, kwa zamu, mtaa kwa mtaa, mpaka kengele ya sala ya jioni. Kengele ikishalia Jumapili imeingia, na Cojeni shoka halisikiki Jumapili. Tangu hapo wajane wa Cojeni hawajawahi kuona baridi. Hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti ni kwa nini.

Zamu ya wiki ile ilikuwa ya Saveta. Hiyo haikuwa sadaka. Ilikuwa haki yake kama mshahara.

Jumamosi alijifunga kitambaa kichwani, akatia mbegu za alizeti mfukoni, akaenda uwanjani na Doru. Alisimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya goli la upande wa mto. Wanaume walimpisha.

"Shangazi, leo tunakula ngapi?" aliuliza muuza mbegu.

"Funga mdomo wako, uuze."

Alitafuna mbegu na kutema maganda, huku moyo wake ukimsumbua kwa namna asiyoizoea. Maisha yake yote hakuwahi kuombea timu ile ifungwe. Sasa alipojaribu, aliona haya, kama mtu aliyekutwa akichungulia dirisha la jirani. Akaamua kutoomba lolote. Wafungwe wenyewe, kwa utaratibu wao wa kawaida.

Lakini siku hiyo Tăbăcarul waliutupa utaratibu wao wa kawaida. Walikaba, wakaanguka, wakainuka. Sfecla, walioshika nafasi ya pili kwenye ligi ya mkoa, walipiga mwamba, wakapiga wavu wa nje, na mara moja wakampiga refa tumboni. Mpaka mechi inakaribia kwisha, hakuna aliyeona goli. Saveta alianza kuhesabu mambo upya kichwani. Sare haikuwa na chokaa. Alimtupia jicho Doru. Doru alikuwa anatazama mpira, mdomo wazi, amesahau kwamba yeye ni mtu wa Torino.

Ndipo beki wa Sfecla alipomvuta Lucian jezi ndani ya boksi. Filimbi. Penalti.

Lucian, nahodha, dereva wa lori la maziwa kwa siku za kazi, aliuweka mpira chini. Uso wake ulikuwa mweupe. Kipa wa Sfecla, jitu lenye mabega ya kabati, alinyoosha mikono, na goli likaonekana dogo kama dirisha la choo. Saveta alikuwa mita chache nyuma yake. Alikuwa amemtazama kipindi chote cha pili, kama alivyokuwa akimtazama Iustin. Alikuwa ameona kwamba kabla ya kila shuti yule bwana huanza kuegemea kulia, mapema, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Alijua. Akajiambia: nyamaza, Saveta. Kuni ziko njiani. Nyamaza.

"Anaangukia kulia!" alipiga yowe. "Lucian! Usimwangalie, anaangukia kulia mapema!"

Kipa naye alisikia, maana Saveta hakuwahi kujifunza kunong'ona. Aligeuka nusu, akamtazama kikongwe aliyekuwa akimuuza hadharani, akasahau alitaka kwenda upande gani. Mpira ulimpita akiwa bado amesimama.

Uwanja mzima ulilipuka. Watu wazima walibebana. Saveta aliruka, kitambaa kikamshuka shingoni, mbegu zikamwagika. Refa alipomaliza mechi, bado alikuwa anapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, yakaisha, akabaki na mikono yake miwili mitupu.

"Mama," Doru alisema polepole. "Umeyafanya mwenyewe."

"Nimeona."

"Sikutaka iwe hivi."

"Najua." Alifunga kitambaa upya, akakaza fundo. Akatazama mlango wa chumba cha kubadilishia jezi cha wageni, ambako wachezaji wa Sfecla walikuwa wanaingia vichwa chini. Halafu akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi? Mama! Tulisema hakuna kuomba!"

Saveta alisukuma mlango bila kubisha. Vijana waliokuwa wanavua jezi walijifunika kwa mataulo.

"Mmefungwa," Saveta alisema.

"Tumeona, bibi," alijibu mmoja. "Tulikuwepo." Wachache wakacheka kwa uchungu.

"Basi vaeni viatu. Mashoka yako stoo, mlango wa pili."

Kipa akainua kichwa. "Huyu si ndiye yule wa nyuma ya goli? Kwanza kaniuza, sasa anataka kunikata kichwa!"

"Kichwa chako hakipasuliki, nimekitazama vizuri. Nina magogo nyumbani." Akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Amri ya uwanja huu ni ya tangu enzi za Pantazi. Atakayefungwa kwenye uwanja huu ataingia kwenye chokaa. Hakusema wenyeji. Alisema atakayefungwa."

"Tumekuja hapa miaka yote, hatujawahi kusikia!"

"Mngesikiaje, wakati tangu kiwanda kifungwe hamjawahi kufungwa hapa?"

Kwenye kona, mzee aliyekuwa anakunja jezi alianza kutikisika mabega kwa kicheko. Alikuwa Haralambie, kiongozi wa msafara wa Sfecla, mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha kwao mpaka siku kilipozima tanuri.

"Sisi ilikuwa mabehewa," aliwaambia vijana wake. "Ukifungwa nyumbani, Jumatatu unapakua viazisukari kwa mikono, barafu mpaka kwenye kucha. Mimi nimepakua kuliko mlivyocheza nyinyi." Akamgeukia Saveta. "Lakini mama, wageni tuliwaacha waende zao."

"Kwenu mlikuwa wapole. Ndiyo maana kiwanda kimekufa."

"Na chenu?"

"Kimekufa pia. Lakini amri ipo."

Haralambie alijifuta macho. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Hodiş, kipa."

"Aliyetema mate kwenye glovu!" Akaketi. "Alinidakia penalti, yule. Nikapakua mabehewa wiki nzima kwa ajili yake." Aliwatazama vijana wake, kisha dirishani. "Dereva amekwenda sokoni kununua kabeji za kuchachusha, hatarudi mapema. Haya, simameni. Mwenye kulalamika alalamike akiwa anatembea."

Mlangoni Doru alimshika mama yake mkono. "Hii ni nini sasa?"

"Umenisikia nikisema tafadhali?"

Doru alifikiri. "Hapana."

"Basi nipishe, nikapashe chakula."

Watu wa Cojeni hawajapata kuona jambo kama lile. Sfecla nzima, bado na soksi za mechi, ikipasua kuni mtaani, na Tăbăcarul wamekaa kwenye ukuta wa ua wa jirani kama mabwana wa mashamba, wakitafuna mbegu.

"Zungusha kiuno, kipa! Hiyo si penalti, haitakukimbia!"

"Angukia kulia!"

"Njoo upasue wewe, muuza maziwa!"

Lucian kweli alishuka ukutani akanyoosha mkono kwenye shoka, kwa huruma. Saveta alitoka na sufuria ya sarmale, mvuke wa kabeji chachu na nyama ukimfunika uso.

"Rudi ukae. Aliyeshinda hashiki shoka."

"Shangazi, watachelewa. Jua linashuka."

"Kaa, ule. Usiniharibie amri."

Kipa alipasua kuliko wote. Kila shoka likishuka aliguna, na gogo likafunguka mara moja kama mkate. Wenzake walipanga kuni chini ya kibanda, safu juu ya safu, mpaka zikafika paani. Haralambie alikaa na kikombe cha tuica, pombe kali ya plamu, akisimamia kazi kama mtu aliyezaliwa kwa kusimamia. Doru alisimama getini, mikono mfukoni. Mara kwa mara mkono mmoja ulitoka, kisha ukarudi.

Kengele ikalia wakati bado kuna rundo nje.

Mashoka yalishuka yote pamoja. Hata vijana wa Sfecla hawakuhitaji kuambiwa. Kwao pia kengele ni kengele. Saveta alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akalitazama lile rundo. Halikuwa kubwa, ila lilikuwa nje ya geti, na yeye alikuwa ametoa mkono wake.

"Zimebaki," alisema. "Makubaliano ni makubaliano, Doru. Nitatafuta sanduku."

Doru alitoka nje ya geti. Akatoa mikono mfukoni, akaweka mguu kwenye gogo la kwanza, akalisukuma. Likabingirika likaingia uani. Akasukuma la pili. Kipa akamwelewa, naye akaja, wakasaidiana bila kusema neno, mpaka njia ikabaki tupu na magome ya mti tu. Kisha Doru akafunga geti.

"Ziko ndani," alisema, akipumua. "Na sijashika shoka."

"Hayo hayajapasuliwa."

"Tulisema ndani ya geti, mama. Hatukusema zaidi."

Saveta alichukua sahani, akaijaza sarmale mpaka juu, akampa, akageukia ukuta wa jirani.

"Lucian! Jumamosi ijayo vinara wa ligi ndio wanaokuja hapa?"

"Ndio hao, shangazi."

"Mtafungwa?"

Lucian alimeza kilichokuwa mdomoni, akalitazama lile rundo la magogo uani, akajifuta midevu.

"Tutajitahidi, shangazi."